Maswali ya Wasomaji: Wimbo wa Kwanza wa Black Sabbath na Hofu Iliyomo Ndani Yake

Safu hii imepokea barua tatu juu ya wimbo mmoja, nami nimeona ni vema nizijibu pamoja. Wimbo wenyewe ni “Black Sabbath” wa bendi ya Uingereza yenye jina hilo hilo, nao ndio unaofungua albamu yao ya kwanza, ambayo pia inaitwa hivyo. Albamu hiyo ilitoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970.

SWALI: Shikamoo mwandishi wa safu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza, na muziki niliokulia ni dansi na bongo fleva. Baada ya mwimbaji Ozzy Osbourne kufariki mwezi Julai 2025, rafiki yangu alinitumia wimbo huu. Unaanza kwa mvua na kengele, kisha gitaa linapiga noti chache taratibu mno, halafu mwimbaji analalamika kama mtu anayekimbizwa. Umenitisha, lakini pia nilichoka kusubiri uchangamke. Wanaousifu wanasikia nini ambacho mimi sikisikii? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Ulichosikia umekisikia sawasawa, kwa maana wimbo huu umetungwa ili utishe na umetungwa ili msikilizaji asubiri, na kwa watungaji wake hayo yalikuwa jambo moja. Muziki wa dansi uliokulia nao una desturi yake: wimbo unaanza kwa utulivu, kisa kinasimuliwa, kisha magitaa yanashika kasi na watu wanainuka vitini. Sikio lako linasubiri chemko hilo, tena kwa haki kabisa. Katika wimbo huu chemko lipo, lakini limewekwa karibu na mwisho, baada ya zaidi ya dakika nne, na linapofika halimletei mtu furaha.

Tuanze na mvua. Kwa zaidi ya nusu dakika hakuna chombo kinachopigwa. Kuna mvua, ngurumo, na kengele ya kanisa inayolia kwa mbali, pole pole, kama zinavyolia kengele za mazishi. Bendi yenyewe ilirekodi albamu nzima kwa siku moja mwezi Oktoba 1969, katika studio ya Regent Sound mjini London, wakipiga pamoja kama walivyozoea kupiga ukumbini, na sauti hizo za mvua na kengele ziliongezwa baadaye na mtayarishaji wao, Rodger Bain. Ulikuwa uamuzi mzuri kuliko mwingine wowote alioufanya katika kazi hiyo. Mtu anayesikiliza mvua hukaa kimya bila kuambiwa, na akishakaa kimya huanza kutega sikio. Bendi inaingia wakati huo huo, kwa sauti kubwa na bila onyo lolote.

Wanachokipiga ni noti tatu. Ya kwanza iko chini, ya pili ni hiyo hiyo ikiwa imepanda oktavu moja (kama kutoka do ya chini hadi do ya juu), na ya tatu inashuka na kutua katikati ya hizo mbili, mahali ambapo sikio halikutarajia. Kila noti inaachwa ilie mpaka inakaribia kufa. Kifungu hicho kinarudiwa, na katika marudio kidole cha mpiga gitaa, Tony Iommi, kinaitetemesha ile noti ya tatu, hata inaonekana kama kitu kilichosimama mbele yako kimeanza kusogea. Sikia pia jinsi gitaa la besi la Geezer Butler linavyoifuata njia ile ile kwa chini, bila kuipamba sana. Wanamuziki wengi wa roki wa miaka ile walikuwa wakishindana kupiga noti nyingi kwa kasi. Hawa wanne, vijana wa mtaa wa Aston mjini Birmingham waliozaliwa mwaka 1948 na 1949, waliamua kufungua albamu yao ya kwanza kwa noti tatu na ukimya uliozizunguka.

Sasa fika mahali ambapo pengine ndipo ulipochoka. Baada ya mlipuko ule wa kwanza, sauti inashuka ghafla. Gitaa linaendelea na noti zile zile, ila sasa zinanong’onwa, na nafasi kati ya noti na noti inabaki wazi. Hapo ndipo ninapokuomba umsikilize mpiga dramu, Bill Ward, kuliko mtu mwingine yeyote. Ward alilelewa na muziki wa jazi wa bendi kubwa za Marekani, na kati ya wapiga dramu aliowapenda ni Gene Krupa. Hapigi mdundo wa kucheza. Anaingiza mapigo mafupi kwenye ngoma zake za kati, mara yakisogea karibu, mara yakirudi nyuma, na kila yanapokoma unabaki hujui yatarudi saa ngapi. Ukiusikiliza ubeti wa kwanza ukiwa umeelekeza sikio kwenye ngoma peke yake, utagundua kwamba ule ulioudhania kuwa utupu una mtu ndani yake anayetembea.

Juu ya hayo anaingia Ozzy Osbourne, na kisa anachokisimulia ni kifupi. Mtu anaona umbo jeusi limesimama mbele yake, linamnyooshea kidole; anageuka akimbie, na anatambua kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa. Kisa hicho kilitokana na simulizi la Butler mwenyewe, ambaye alisema kwamba usiku mmoja aliamka akaona umbo jeusi limesimama miguuni pa kitanda chake. Osbourne hana sauti ya mwimbaji aliyefunzwa, wala haipambi. Anaimba akiwa karibu sana na noti za gitaa, kwa sauti nyembamba ya mtu anayeeleza jambo lililomtokea punde, na hofu yake haina tamthilia. Mwimbaji mwenye ustadi mkubwa zaidi angetaka tuusifu ustadi wake, na kwa kufanya hivyo angeliondoa lile umbo jeusi mbele yetu. Ninasema hivi nikijua kwamba wapo wanaomwona Osbourne kuwa ndiye udhaifu wa bendi. Wausikilize ubeti huu wa kwanza tena.

Kisha, kama ulivyosikia, ukubwa wa sauti unarudi, na utulivu unarudi, mpaka dakika ya tano inapokaribia. Hapo gitaa linaachana na zile noti tatu na kushika mwendo wa farasi anayekimbia. Chemko ulilolisubiri ndilo hilo. Lakini ubeti wa mwisho unaoimbwa humo ni wa watu wanaokimbia kwa woga, kwa hiyo kasi unayoisikia ni ya miguu yao. Ndiyo maana nimesema halileti furaha, ingawa mwili unaitikia. Iommi anapiga sehemu yake ya peke yake hapo, kali na yenye mkwaruzo, na wimbo unafungwa kwa mapigo mazito baada ya dakika sita na ushei.

Umuhimu wa mahali ulipowekwa wimbo huu haupaswi kupuuzwa. Katika santuri ya mwaka 1970, upande wa kwanza una nyimbo nne: huu, kisha “The Wizard”, “Behind the Wall of Sleep” na “N.I.B.” Wimbo wa pili unafunguliwa kwa harmonika, una mdundo wa bluzi uliochangamka, na unamzungumzia mchawi mwema anayewaletea watu furaha. Ukiusikia peke yake ni wimbo wa kupendeza tu. Ukiusikia baada ya “Black Sabbath” ni kama dirisha limefunguliwa. Kama wangeufungua upande huo kwa harmonika na kuuficha wimbo wa mvua mwishoni, ningethubutu kusema kwamba tungeukumbuka kama kituko cha vijana waliopenda sinema za kutisha. Ukiwa wa kwanza, unaweka sharti: kila kifungu cha gitaa kinachofuata katika albamu hii kinasikika kikiwa na kivuli cha noti zile tatu. Wahakiki wengi wa wakati ule hawakuipokea albamu hii vizuri, lakini wanunuzi waliipandisha hadi nafasi ya nane nchini Uingereza, na leo wengi wanaitaja kuwa mwanzo wa muziki unaoitwa hevi metali.

Jambo moja la utekelezaji, kijana wangu. Kama uliusikiliza kwa spika ya simu, basi hukusikia besi, na pengine mvua ilikufikia kama mkwaruzo tu. Tafuta vipokea sauti vya masikioni vilivyo vizuri au redio yenye spika kubwa, usiuchanganye na nyimbo nyingine, na uuache uingie wenyewe kwenye “The Wizard” bila kuukata.

SWALI: Ndugu mwandishi, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu na ni mwanakwaya wa sauti ya pili hapa Moshi. Mwanangu wa kidato cha nne anaupenda wimbo huu na ameniomba niusikilize naye. Nilisikia jina la Shetani likitajwa, nikauzima. Mwenzangu mmoja wa kwaya aliniambia kwamba hata noti zake ni za Shetani, na kwamba zamani Kanisa lilikuwa limezipiga marufuku. Je, ni ibada ya shetani kweli? – Mama wa Moshi

JIBU: Amina, dada yangu. Umefanya vema kumsikiliza mwanao kabla ya kumkataza, na ninakuomba mrudi pamoja kwenye wimbo huo muusikilize hadi mwisho, kwa sababu uliuzima kabla ya neno lake muhimu kuliko yote. Ni kweli kwamba katika ubeti wa pili Shetani anatajwa: ameketi, anatabasamu, anatazama miali ya moto ikipanda. Lakini mtu anayesimulia hafurahii hata kidogo. Anapiga kelele akimwomba Mungu amsaidie, na kilio hicho ndicho kilele cha wimbo wote. Hakuna mahali anapomsujudia yule anayemwona. Ukiyachukua maneno peke yake, bila magitaa, una kisa cha mtu aliyeingiwa na hofu ya hukumu na akamlilia Mungu, na visa vya namna hiyo umevisikia mara nyingi kanisani.

Geezer Butler, aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi ya bendi hii, alilelewa katika familia ya Kikatoliki iliyoshika dini sana. Kwa muda katika ujana wake alivutiwa na vitabu vya uchawi, na amesimulia kwamba lile umbo la usiku lilimwogofya kiasi cha kumfanya aachane na mambo hayo. Wimbo huu, basi, ni wa mtu aliyeuchungulia mlango akarudi nyuma. Katika albamu yao ya tatu, ya mwaka 1971, wana wimbo unaoitwa “After Forever” ambao unamtetea Mungu waziwazi mbele ya wanaoona haya kumwamini. Misalaba waliyokuwa wakiivaa shingoni ilitengenezwa na baba yake Osbourne, aliyekuwa fundi wa kiwandani.

Hata hivyo, sitaki kukuficha kilichochangia sifa hiyo mbaya. Jina la bendi lilitoka kwenye sinema ya kutisha ya mwaka 1963 iliyoigizwa na Boris Karloff, na vijana hawa waliona kwamba watu wanaolipa ili watishwe na sinema wanaweza pia kulipa ili watishwe na muziki. Jalada la albamu linaonyesha mwanamke mwenye vazi jeusi amesimama mbele ya kinu cha maji cha Mapledurham, Oxfordshire, katika rangi zisizo za kawaida. Na ndani ya jalada la kwanza la Uingereza kampuni iliyotoa santuri ilichora msalaba uliopinduliwa, jambo ambalo wanabendi wamesema halikutokana nao na halikuwafurahisha. Mtu akiliona jalada hilo kabla ya kusikia maneno, si ajabu akafikia hitimisho ulilofikia.

Kuhusu noti, wewe mwanakwaya utanielewa upesi kuliko wasomaji wengine. Chukua do ya chini, kisha do ya juu, kisha sauti iliyo kati ya fa na so: hicho ndicho kifungu kikuu cha wimbo. Umbali wa kutoka do hadi hapo ni nusu-hatua sita (nusu-hatua ni umbali mdogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda), yaani nusu kamili ya oktavu, na ni umbali mgumu kuuimba kwa usahihi kwa sababu sikio halipati pa kuegemea. Walimu wa muziki wa Ulaya katika karne ya 18 waliuita shetani katika muziki, wakiwaonya wanafunzi wao waliokuwa wakijifunza kutunga. Habari kwamba Kanisa liliupiga marufuku haina ushahidi. Isitoshe, nyinyi wenyewe mnauimba kila Jumapili. Wimbo wa kitabuni unapokaribia kutua mwishoni mwa ubeti, mara nyingi kuna sauti inayoimba fa wakati sauti nyingine inaimba ti, na kati ya fa na ti kuna nusu-hatua zile zile sita. Hamuogopi kwa sababu mara moja fa inashuka kwenye mi na ti inapanda kwenye do, na kila mtu anapumua. Watungaji wa “Black Sabbath” walichofanya ni kuukataa utuaji huo. Sauti ile ya tatu inaachwa ikining’inia, kisha kifungu kinaanza upya, na tena kinaachwa kikining’inia. Hofu unayoisikia inatoka hapo zaidi kuliko kwenye jina lolote lililotajwa katika mashairi.

Wala hawakuwa wa kwanza. Mtungaji Mwingereza Gustav Holst, katika kazi yake ya okestra juu ya sayari aliyoitunga kati ya mwaka 1914 na 1916, aliianza sehemu ya Mars, sayari ya vita, kwa kupanda kutoka do hadi so kisha kuteleza nusu-hatua na kutua pale pale. Butler aliipenda sana Mars na alikuwa akiipiga kwenye besi yake katika siku ambazo Iommi alikuja na kifungu hiki. Ningependa mwanao akusikilizishe vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Nawe umwonyeshe fa na ti kwenye kitabu chenu cha kwaya.

SWALI: Nimesikia kwamba mpiga gitaa wa wimbo huu alikatwa vidole. Mimi ni fundi seremala, nilikuwa nikipiga gitaa kabla ya msumeno kunikata ncha ya kidole kimoja. Je, habari hiyo ni ya kweli, na aliwezaje? – Fundi, Mombasa

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Habari hiyo ni ya kweli. Tony Iommi alikuwa na umri wa miaka 17 na alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bati mjini Birmingham. Siku yake ya mwisho kazini aliwekwa kwenye mashine ambayo hakuizoea, nayo ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kulia. Kwa kuwa anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, hivyo ndivyo vidole vinavyobana nyuzi, na madaktari walimwambia asahau gitaa.

Msimamizi wake wa kiwandani alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyeungua katika moto mwaka 1928 na kubaki akitumia zaidi vidole viwili tu vya mkono wa kubania. Baada ya kuisikia, Iommi aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga kuwa vifuniko vya ncha za vidole, akaisugua mpaka ikakaa vizuri, kisha akabandika ngozi juu yake ili isiteleze kwenye uzi. Alitafuta pia nyuzi nyembamba. Kwa kuwa hazikuwa zikipatikana madukani, alichanganya nyuzi za banjo na za gitaa. Baadaye, kufikia albamu ya mwaka 1971, alilegeza nyuzi chini ya kawaida, na sauti ikazidi kuwa nzito. Katika wimbo tunaouzungumzia nyuzi bado zilikuwa katika mkao wa kawaida.

Kwa fundi kama wewe, kazi ya kifuniko haitakushinda, ila kidonda kipone kabisa kwanza na daktari akubali. Anza na nyuzi nyembamba zaidi utakazozipata, na utumie umbo la sauti mbili badala ya kubana nyuzi zote sita, kama alivyofanya Iommi mara nyingi. Zile noti tatu zinafaa sana kwa mazoezi ya mwanzo kwa kuwa ni za polepole na unapata muda wa kukiweka kidole mahali pake. Zipige pamoja na santuri, ukiziacha zilie kwa urefu wake wote kabla ya kugusa inayofuata. Hapo ndipo wanafunzi wengi wenye vidole vizima hukosea, kwa kuharakisha.